P mbili za ATmega328: uchambuzi wa kisa cha chipu zilizogoma kupokea programu

Kijana mmoja wa Morogoro hutengeneza vidhibiti vya mashine za kutotolesha vifaranga. Ndani ya kila kidhibiti mna bodi moja yenye kihisi cha joto na unyevu, rilei mbili, skrini ndogo ya mistari miwili, na katikati chipu ya miguu 28 iliyokaa kwenye soketi. Chipu hiyo ndiyo inayosoma joto, ndiyo inayowasha na kuzima balbu ili mayai yabaki kwenye nyuzi 37.5, na ndiyo inayokumbuka saa ya kugeuza trei. Alianza kama wengi wanavyoanza, kwa Arduino Uno, bodi iliyotengenezwa tayari yenye chipu ya ATmega328P, na nyaya zilizochomekwa kwenye ubao wa majaribio. Wateja walipoongezeka akaona kufungia Uno nzima kwenye kila mashine ni kujipunja, akachora bodi yake mwenyewe na kuanza kuagiza chipu peke yake kutoka nje.

Mzigo mmoja ukamgomea. Chipu ni mpya, zimetoka kwenye mrija uliofungwa vizuri, lakini hazikubali kuwekewa butiloda, ile programu ndogo inayokaa ndani ya chipu na kupokea programu nyingine. Chipu aliyoing'oa kwenye Uno yake ya zamani inakubali mara moja, kwa USBasp ileile (kifaa cha kuandikia chipu), nyaya zilezile na kompyuta ileile. Kila mpya inarudisha jibu moja kupitia avrdude, programu ya kompyuta inayoandikia chipu: sahihi (namba ya utambulisho iliyo ndani ya chipu) iliyosomwa ni 0x1e9514, yaani 1E 95 14, ilhali inayotarajiwa kwa ATmega328P ni 1E 95 0F. Akaona hapana shaka ameuziwa feki. Akamwandikia muuzaji maneno makali, naye muuzaji akajibu kwa upole kwamba ametuma kile kilichoagizwa.

Muuzaji alisema kweli. Chipu zilikuwa halali, nzima, na za aina iliyoandikwa migongoni mwao. Kilichokosewa ni usomaji wa jina, na kosa lenyewe ni la aina ambayo fundi yeyote mwenye haraka anaweza kulifanya, ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Mgongo wa chipu

Maandishi ya chipu hizi ni madogo na yamefifia. Ukiziweka chini ya taa ya moja kwa moja huoni kitu. Ziinamishe kidogo, mwanga upite kwa upande, na herufi zinajitokeza. Mstari wa kwanza ulisomeka ATMEL. Wa pili, ATMEGA328-PU. Chini yake tarakimu nne za tarehe, mbili za mwaka na mbili za wiki, kwa hiyo 1438 ni wiki ya 38 ya mwaka 2014.

Nilimwuliza herufi P iko wapi.

"Si hiyo hapo, fundi," akajibu, kidole chake kikiwa juu ya PU.

Kisa kizima kimo kwenye jibu hilo. P anaiona, na P ipo kweli. Lakini chipu aliyokuwa anaitaka ina P mbili: ATMEGA328P-PU. Moja iko kabla ya kistari, nyingine baada yake, na kazi zao hazihusiani hata kidogo. Yeye alikuwa na ile ya pili tu.

Tulisome jina lote taratibu. AT ni Atmel, kampuni iliyobuni familia hii. Microchip iliinunua mwaka 2016 lakini majina ya chipu yakaachwa yalivyo. "Mega" ni tawi, lenye ndugu yake mdogo aitwaye "tiny". Kisha inakuja 328, na hapa wengi huisoma kama namba moja, mia tatu ishirini na nane. Si namba moja. Ni 32 na 8 zilizobanana. 32 ni kilobaiti za kumbukumbu ya flashi, mahali programu inapokaa. 8 ni jina la ukoo ndani ya tawi la mega. Ukiwaweka ndugu wa ukoo huo pamoja utaona mara moja: ATmega48 ina kilobaiti 4, ATmega88 ina 8, ATmega168 ina 16, ATmega328 ina 32. Wote wana miguu 28 iliyopangwa sawasawa kwenye umbo la kukaa kwenye soketi, kwa hiyo bodi moja inaweza kuwapokea wote, mradi programu itoshe. RAM, kumbukumbu ya muda, nayo hupanda pamoja nao, ingawa jina halisemi hilo: baiti 512 kwenye 48, kilobaiti 1 kwenye 88 na 168, kilobaiti 2 kwenye 328.

Ukishajua kwamba tarakimu ya mwisho ni ukoo, unakwepa mtego mwingine unaowanasa watu kila siku. ATmega16 na ATmega168 zote zina kilobaiti 16, lakini ya kwanza kwa umbo la soketi ina miguu 40, ni ya ukoo mwingine, na haitaingia kwenye bodi ya huyu kijana hata ukiilazimisha. ATmega32 na ATmega328 ni hivyohivyo. Mtu akikwambia dukani "nina ATmega32, ni karibu sawa na 328," anakuuzia namba iliyofanana. Chipu yenyewe ni tofauti kabisa.

Baada ya 328 ndipo inapokuja, au isipokuja, ile P ya kwanza. Hiyo inasimama kwa picoPower, jina ambalo Atmel waliupa mpango wao wa kupunguza ulaji wa umeme. Kistari kinafuata, na kuanzia hapo jina halizungumzii tena akili ya chipu bali mwili wake. P ya pili ni umbo la plastiki lenye miguu mirefu iliyopangwa safu mbili, moja kila upande, lile la kuchomeka kwenye soketi. Ingekuwa A, ingekuwa chipu bapa ya miguu 32 ya kulehemu juu ya bodi. Ingekuwa M, ingekuwa ile ndogo zaidi isiyo na miguu, vibati tu chini ya tumbo, ambayo bila hewa ya moto huigusi. U ya mwisho inasema chipu inavumilia kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85 juu, na kwamba miguu yake haina madini ya risasi. Kukiwa na R mwishoni, kama AUR, imefungashwa kwenye utepe uliozungushwa kwenye roli kwa ajili ya mashine za kupanga vipuri. Chipu ni ileile.

Kwa hiyo herufi peke yake haina maana. Nafasi yake ndiyo inayoipa maana. Jina la chipu linasomwa kama maandishi ya ubavuni mwa tairi: kwenye 195/65R15, upana ni milimita, urefu wa ubavu ni asilimia ya huo upana, rimu ni inchi, na hakuna dereva anayetafuta rimu ya 65 kwa sababu ameiona 65 imeandikwa. Dereva amezoea mpangilio. Sisi wa chipu hatujazoea, kwa sababu kila familia ina mpangilio wake.

Jina lililo ndani

Jina la mgongoni linaweza kukwanguliwa na kuandikwa jingine. Biashara hiyo ipo na ni ya zamani. Ndiyo sababu ile sahihi iliyosomwa na avrdude ina uzito kuliko maandishi. Ni baiti tatu zilizowekwa ndani ya chipu kiwandani, mahali ambapo programu yako haifiki kuzibadilisha. Nazo zina mpangilio wake. Ya kwanza, 1E, ni Atmel. Ya pili inaeleza ukubwa wa flashi: 92 ni kilobaiti 4, 93 ni 8, 94 ni 16, 95 ni 32, 96 ni 64, na kuendelea hivyo. Ya tatu inamtaja mhusika mwenyewe kati ya wenye ukubwa huo.

Sasa lisome upya lile jibu lililomkasirisha. 1E: Atmel, sawa. 95: kilobaiti 32, sawa. 14 badala ya 0F: hapo ndipo tofauti ilipo, na 14 ni ATmega328 isiyo na P. Maandishi ya mgongoni na sahihi ya ndani yanakubaliana neno kwa neno. Chipu feki iliyobandikwa jina isingetoa ulinganifu huo. Ingekuwa, kwa mfano, imeandikwa 328P huku ikirudisha 1E 94 06, ambayo ni ATmega168. Tena ukiona sahihi imerudi 000000 au ffffff, usimlaumu muuzaji kwanza. Mara nyingi hapo ni waya umeachia, umeme haufiki, au chipu imewekewa fyuzi (mipangilio ya kudumu ya chipu) za kutumia kristali (kipuri kinachoipa chipu mapigo ya saa) ambayo kwenye bodi haipo. Chipu iliyorudisha 1e9514 kila mara bila kusitasita ni chipu inayoongea vizuri.

Kwa nini basi alidhani ni feki? Kwa sababu neno lililoonekana kwenye kompyuta lilikuwa la kutofautiana, na tofauti kwa mtu aliyelipia mzigo husomeka kama wizi. Naielewa hasira hiyo. Lakini avrdude haikusema chipu ni mbaya. Ilisema: umeniambia nitegemee fulani, aliyekuja ni mwingine.

Mitandao inavyoshauri

Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshapewa ushauri wa aina mbili, na yote miwili inazunguka sana.

Wa kwanza ni kulazimisha, kwa kuongeza -F kwenye amri. Kwa kisa hiki ingefanya kazi, kwa sababu 328 na 328P zina flashi sawa, kurasa za ukubwa sawa, na njia ileile ya kuandikwa. Tatizo la -F ni kwamba haijui kwamba safari hii ni salama. Mrija unaofuata ukiwa na ATmega168 ndani yake, -F itanyamaza vilevile, na programu ya kilobaiti 20 itapelekwa kwenye nyumba ya kilobaiti 16. Umezima swali moja ambalo lingekuokoa.

Wa pili ni mbaya zaidi, nao ni kufungua faili ya avrdude.conf, kwenda kwenye sehemu ya m328p, na kubadilisha 0x0f iwe 0x14. Chipu zitakubali, ndiyo. Na kuanzia siku hiyo kompyuta hiyo itazikataa ATmega328P halisi, kwa sababu umeifundisha kwamba jina la mtu mmoja ni la mwingine. Miezi ikipita, umesahau, mwenzako anakuja na Uno yake kuirekebisha kwenye kompyuta yako, mnashinda mchana kutwa mkitafuta ugonjwa usiokuwepo. Sioni sababu hata moja ya kufanya hivi, wakati avrdude yenyewe inamjua m328 kama aina inayojitegemea. Unachotakiwa ni kumtaja kwa jina lake: -p m328.

Anayefanya kazi ndani ya programu ya Arduino anaweza kuongeza MiniCore, kifurushi cha nyongeza ambacho kina orodha ya kuchagua kati ya 328, 328P na 328PB. Ukichagua 328, butiloda inaandikwa bila vurugu.

Kuna jambo hapa linalochanganya hata wazoefu. Ukishaweka butiloda ya Optiboot iliyotengenezwa kwa ajili ya 328P kwenye chipu ya 328, kisha ukapakia programu kwa waya wa USB kama kawaida, kila kitu kinakwenda sawa na kompyuta inaridhika kwamba inaongea na 328P. Sababu ni kwamba kwa njia hiyo anayejibu swali la sahihi ni butiloda, naye anatoa jibu aliloandikiwa alipotengenezwa. Kwa hiyo sahihi inayopatikana kwa njia ya USB ni ya butiloda. Ukitaka kumjua mwenye nyumba mwenyewe, msome kwa USBasp au kifaa kingine kinachoingia moja kwa moja kwenye miguu ya MISO, MOSI, SCK na RESET.

Je, P ina tofauti gani kazini?

Kwa mashine ya vifaranga, karibu hakuna. Kasi ya juu ni ileile ya megahezi 20, flashi ni ileile, RAM ileile, EEPROM (kumbukumbu ndogo isiyofutika umeme ukikatika) ileile ya kilobaiti 1, miguu ileile. Programu iliyotafsiriwa kwa ajili ya 328P inakimbia kwenye 328.

Tofauti inajitokeza chipu inapolala. Ndani ya hizi chipu kuna mlinzi aitwaye BOD, kazi yake ni kuizima chipu pindi volti inaposhuka chini ya kiwango ili isije ikaanza kuandika upuuzi kwenye EEPROM. Mlinzi huyo mwenyewe anakula umeme, takriban mikroampea 20. Kwenye 328P programu inaweza kumwambia apumzike chipu inapolala na arudi kazini inapoamka, kwa biti iitwayo BODS. Kwenye 328 biti hiyo haipo. Unaweza kumfukuza kabisa kwa fyuzi au kumwacha macho saa zote. Kumpumzisha kwa muda huwezi. Kwenye kidhibiti kinachotumia adapta ya volti 12, mikroampea 20 ni kitu gani? Balbu ya joto inakula maelfu kwa maelfu ya hizo. Lakini chipu iliyolala vizuri inakula chini ya mikroampea moja, kwa hiyo kwenye kifaa cha betri kinachoamka mara moja kila baada ya dakika kumi, mlinzi asiyelala anakuwa ndiye mlaji mkubwa kuliko wote.

Na huyu kijana alikuwa na kifaa cha namna hiyo kwenye mipango yake, kipimajoto cha kuwekwa ghalani na kuachwa msimu mzima kwa betri. Hapo P ya kwanza inalipiwa kila senti.

Tofauti nyingine iko kwenye maktaba za programu. Baadhi yake, hasa zile zinazogusa taima moja kwa moja, zinauliza wakati wa kutafsiri kama chipu ni ATmega328P, zikiwa na jina hilo tu. Ukitafsiri kwa ajili ya ATmega328, maktaba haimtambui na inakataa, au inaangukia kwenye mpangilio wa chipu nyingine. Dawa ni kuongeza jina la pili kwenye sharti lile ndani ya maktaba. Kazi ya dakika moja kwa anayejua, na ya usiku kucha kwa asiyejua.

Familia nyingine, nafasi nyingine

Nilimwekea mezani chipu nyingine mbili, nikamwomba azisome kwa sheria aliyoipata. Kwa makusudi, kwa sababu sheria ya ATmega ikibebwa kwenda kwingine inapotosha.

Ya kwanza ni STM32F103C8T6, ile ya bodi ndogo ya buluu inayouzwa kila mahali. Akaiona 8 akasema kilobaiti 8. Hapana. STM32 ni familia ya biti 32 ya STMicroelectronics, F ni tawi la matumizi ya jumla, 103 ni mstari wa megahezi 72. Baada ya hapo kila nafasi ina kamusi yake. C kwenye nafasi ya kwanza ni miguu 48. Ingekuwa R ni 64, V ni 100. Nafasi ya pili ni flashi, na hapo 6 ni kilobaiti 32, 8 ni 64, B ni 128, C ni 256. T ni umbo bapa la LQFP. 6 ya mwisho ni joto, kutoka 40 chini ya sifuri hadi 85.

Sasa chukua STM32F103RCT6. C ipo tena. Lakini imehama nafasi, na kwa kuhama imeacha kuwa miguu 48 imekuwa kilobaiti 256. Hali kadhalika 6: kwenye C6T6 ya kwanza ni flashi na ya pili ni joto. Ni kisa kilekile cha P mbili, kwa kiwanda kingine. Tena usidhani C6 ni C8 iliyopunguzwa flashi tu. RAM inashuka kutoka kilobaiti 20 hadi 10, na njia za kuwasiliana na vifaa vingine zinapungua: SPI zinabaki moja badala ya mbili, I2C moja badala ya mbili, USART mbili badala ya tatu. Bodi ya buluu yenye C6 badala ya C8 inaweza kuwasha taa vizuri kabisa na kukwama siku unapoitaka SPI ya pili.

Ya pili ni PIC16F877A-I/P. Hapa 877 haikuambii flashi ni kiasi gani; ni namba ya modeli tu, na kumbukumbu unaitafuta kwenye datashiti, hati ya maelezo ya chipu kutoka kiwandani. F ni flashi, tofauti na C ya kale. Kabla ya mkwaju, I ni daraja la joto la viwandani. Baada yake, P ni umbo la soketi lenye miguu 40. Ongeza herufi moja, iwe I/PT, na utaletewa chipu bapa ya miguu 44. Herufi moja, na mzigo mzima hauingii kwenye bodi.

Hata kwenye chipu za baadaye zenye jina la Atmel utaratibu ulibadilika. ATtiny1614 ni kilobaiti 16, mfululizo wa 1, na 4 ya mwisho ni miguu 14. Vizuri. Sasa ATtiny1616 ni miguu mingapi? Si 16. Ni 20. Na ATtiny412 ni miguu 8. Ile tarakimu ya mwisho ni alama ya kundi la miguu, na imetokea tu kwamba kwenye 14 zimefanana. Afadhali waliokuja kuitwa AVR128DA48: kilobaiti 128, mfululizo wa DA, miguu 48, kila kitu peupe. Natamani chipu zote zingeitwa hivyo.

Ndiyo maana nasisitiza ukurasa mmoja wa datashiti kuliko kurasa nyingine zote kwa mtu anayeagiza: ule wa taarifa za kuagizia, ambao kwenye datashiti nyingi za Atmel uko karibu na mwisho. Una jedwali lenye majina kamili yote yanayouzwa, kila moja na kasi yake, volti yake, umbo lake na joto lake. Jina lisilokuwepo kwenye jedwali hilo halipo kiwandani. Tena kichwa cha datashiti chenyewe kinafundisha. Ile ya ukoo huu iliandikwa ATmega48A/PA/88A/PA/168A/PA/328/P. Ukikisoma kwa makini unaona 328 na 328P zimetajwa kama chipu mbili, kwa mkwaju, pale pale kwenye jalada.

B isiyo toleo

Wakati tukiendelea na hayo akaniambia anataka kuhamia chipu bapa ili bodi ipungue, na kwamba amekwisha kuona ATmega328PB-AU kwa bei nafuu kuliko ATmega328P-AU. Kwake B ilikuwa "toleo la pili", kitu kilekile kilichoboreshwa. Dhana hiyo ina msingi: A kwenye 168PA ilikuwa kweli maboresho ya utengenezaji, na kwa kazi nyingi 168PA inakaa mahali pa 168P bila kelele.

B ya 328PB si hivyo. Ni chipu nyingine, sahihi yake 1E 95 16, na imeongezewa USART ya pili, SPI ya pili, I2C ya pili na taima mbili. Vitu hivyo vilihitaji miguu ya kutokea. Kwenye 328P bapa, mguu wa 3 ni ardhi na wa 6 ni umeme wa kuingia. Kwenye 328PB miguu hiyohiyo ni PE0 na PE1, miguu ya kazi. Bodi iliyochorwa kwa ajili ya P inaiunganisha PE0 na ardhi moja kwa moja na PE1 na umeme. Chipu inapowashwa, miguu yake huanza ikiwa ya kupokea, kwa hiyo haitaungua hapo hapo, na programu ya zamani isiyowajua PE0 na PE1 itakwenda salama. Siku mtu akiandika programu inayoamuru PE0 itoe volti 5, atakuwa ameuelekeza umeme ardhini kupitia tumbo la chipu.

Jingine ni kristali. 328P ina namna mbili za kuendesha kristali kubwa, ya nguvu ndogo na ya nguvu kamili. 328PB haina ile ya nguvu kamili. Fyuzi ya chini ya Uno ni 0xFF, yaani nguvu ndogo, kwa hiyo aliyenakili Uno hana shida. Aliyekuwa anaandika 0xF7 ili kristali istahimili kelele za rilei na mota atajikuta na mpangilio usiokuwepo kwenye chipu mpya.

Tulivyomaliza

Zile ATmega328-PU hazikurudishwa. Kwa mashine za vifaranga zinatosha kabisa. Zilipakiwa kama m328 kwa MiniCore, bila -F na bila kugusa avrdude.conf, na mrija wake ukaandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 328 BILA P, ADAPTA TU. Kwa kipimajoto cha ghalani akaagiza ATmega328P-PU, na safari hii akamwandikia muuzaji sentensi kamili: P iwepo kabla ya kistari, 328-PU sipokei, 328PB sipokei. Muuzaji akathibitisha kwa jina kamili kabla ya kutuma.

Bodi mpya ya chipu bapa ameichora kwa 328P-AU. Nilimshauri pia aweke matundu sita ya ISP, ya kuchomekea USBasp, pembeni ya chipu. Chipu ya soketi ukiikosea unaing'oa. Ya kulehemu ikishakaa, kuisoma bila matundu hayo ni kuhangaika na sindano juu ya miguu inayopishana kwa milimita 0.8. Na kwenye orodha yake ya vipuri, pale palipokuwa na neno "ATmega328", sasa kuna safu mbili: jina kamili la kuagizia, na pembeni yake sahihi inayotarajiwa. Mrija ukifika, chipu moja inatolewa, inasomwa kwa USBasp, na baiti tatu zinalinganishwa na safu ya pili kabla ya pasi ya kulehemu kuwashwa.